ASALI YA MAUA YA MICHUNGWA NA KAZI YAKE KATIKA MWILI

Ninyi walimaji wenye mizinga, na ninyi mama mnaolea watoto, someni somo hili polepole. Tutasema habari za asali ambayo nyuki huifanya wakati michungwa, milimau na mandarini ina maua. Katika miji mingi asali hii huuzwa kwa bei kubwa kuliko nyingine. Wauzaji husema inaponya kikohozi, inafunga vidonda, inaleta usingizi, inasafisha damu, inatia nguvu, na maneno mengine kama hayo. Katika maneno hayo baadhi ni ya kweli na baadhi ni ya bure. Tena iko desturi moja ya kutumia asali ambayo inaweza kuua mtoto mchanga. Kwa hiyo yafaa kuyatenga maneno haya, kama mwanamke anavyotenga mchele na makapi katika ungo.

1. Ua, nyuki na asali

Tazama ua la mchungwa asubuhi. Ni jeupe, nene, lenye harufu kali inayofika mbali. Chini kabisa ndani yake mna maji matamu. Nyuki huyanyonya, huyatia katika mfuko ulio ndani ya mwili wake, kisha huyapeleka mzingani. Huko huwapa wenzake, nao hupeana kinywa kwa kinywa mara nyingi wakiyachanganya na mate yao. Baadaye huyaweka katika matundu ya masega na kuyapepea kwa mabawa usiku na mchana, hata maji yapungue. Yakiwa mazito, nyuki hufunga tundu kwa nta. Asali iliyofungwa hivyo ina gramu 17 au 18 tu za maji katika kila gramu 100, na karibu yote inayobaki ni sukari.

Mate ya nyuki ni jambo kubwa. Ndani yake mna vitu viitwavyo enzime. Enzime moja, asali ikipata maji kidogo, hugeuza sehemu ndogo ya sukari kuwa maji ya oksijeni, yale yanayotoa povu juu ya kidonda. Maji hayo huzuia mikrobe. Hii ni sababu moja ya asali kutooza. Sababu nyingine ni mbili: sukari yake ni nyingi hata mikrobe hukosa maji ya kuishi, na asali ni chachu kidogo ijapokuwa ulimi hausikii chachu hiyo kwa ajili ya utamu.

Katika maji ya ua la mchungwa mna pia kafeini kidogo sana, kitu kile kile kilicho katika kahawa. Mwaka 2013 wataalamu walionyesha kwamba kafeini hiyo humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua, hata alirudie tena. Mti una akili yake! Lakini kwa mtu kafeini hiyo si kitu, ni ndogo mno.

2. Je, ni asali ya michungwa kweli?

Mtu mwenye michungwa ishirini nyuma ya nyumba yake, na mizinga miwili chini yake, mara nyingi husema, «Mimi nina asali ya machungwa.» Sivyo. Nyuki huruka kilometa 2 au 3, hata zaidi, kutafuta maua. Katika Katanga, mwisho wa kiangazi, michungwa hutoa maua wakati miombo na miti mingine ya pori inapoanza kutoa maua yake. Nyuki hawachagui ili kumpendeza mwenye mzinga. Huenda palipo na maji matamu mengi. Basi asali ya mtu huyu ni asali ya pori yenye machungwa kidogo ndani yake. Ni asali njema, lakini asiiandikie jina lingine.

Asali ya michungwa yenyewe hutoka mahali penye mashamba makubwa sana ya miti hii, ambapo nyuki akiruka upande wowote hakuti ua lingine: katika jimbo la Valencia huko Hispania, katika kisiwa cha Sicilia, katika Florida na California huko Marekani, katika Meksiko, na katika jimbo la São Paulo huko Brazili, nchi inayozaa machungwa mengi kupita nchi zote. Wenye nyuki wa huko huhamisha mizinga yao, huipeleka mashambani siku maua yanapofunguka, na huvuna mara maua yanapokwisha, mbele nyuki hawajaleta kitu kingine.

Asali hiyo ni nyeupe au ya rangi ya dhahabu nyepesi, na ina harufu ya ua lenyewe. Harufu hiyo hutoka hasa katika kitu kiitwacho methili antranilati, ambacho wapimaji hukitafuta katika maabara. Hutafuta pia unga wa maua kwa darubini. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kwa asali nyingi hutakiwa karibu nusu ya chembe za unga ziwe za ua moja, ndipo asali iitwe kwa jina la ua hilo. Kwa michungwa zinatosha chembe 10 au 20 katika 100, kwa maana michungwa mingi ina unga haba, na mingine, kama ile isiyo na kokwa, karibu haina kabisa.

3. Mna nini ndani yake?

Watu wengi hufikiri hivi: chungwa lina vitamini nyingi, basi asali ya ua la mchungwa nayo ina vitamini nyingi. Fikira hii ni ya uongo. Tunda ni kitu kimoja, na maji ya ua ni kitu kingine. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 50 za vitamini C. Gramu 100 za asali hazifiki miligramu 1. Mwaka 1747 mganga wa merikebu za Waingereza, James Lind, aliwatenga mabaharia 12 waliougua ugonjwa wa ufizi kutoka damu, akawapa kila wawili dawa yao. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote. Tunda ndilo lililowasaidia, si ua. Basi ukitaka vitamini C, panda mti, ule chungwa. Nyuki hawezi kukuletea vitamini hiyo.

Sukari ya asali ni ya namna mbili hasa, furuktozi na gulukozi. Gulukozi huingia katika damu upesi. Ndiyo sababu mtu aliyechoka kwa kazi husikia nguvu kidogo akila asali. Lakini sukari ya kawaida nayo hufanya vivyo hivyo. Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina gramu 20 hivi, na ndani yake gramu 17 ni sukari.

Mna tena vitu vidogo vinavyotoka katika mimea, viitwavyo polifenoli. Katika asali ya michungwa kimoja ni hesperetini. Vitu hivi hulinda mwili kidogo, na wauzaji hupenda sana kuvitaja. Lakini hawasemi neno hili: asali nyeusi kwa kawaida ina polifenoli nyingi kupita asali nyeupe, na asali ya michungwa ni katika zile nyeupe. Mlimaji wa Katanga mwenye asali nyekundu ya miombo, ambaye watu wa mjini humdharau kwa rangi yake, mara nyingi ana polifenoli nyingi zaidi katika chupa yake.

4. Kikohozi

Sasa tunafika penye faida iliyopimwa.

Mtoto akipata mafua hukohoa usiku. Halali, na mama yake halali. Kesho yake wote wawili wamechoka. Dawa nyingi za kikohozi zinazouzwa katika chupa hazisaidii watoto wadogo, na baadhi zina hatari. Je, asali?

Mwaka 2012 waganga wa Israeli waliandika habari za watoto 300, wa umri wa mwaka 1 hata 5, wenye mafua na kikohozi cha usiku. Waliwagawa katika mafungu manne. Fungu moja walipewa asali ya mkaliptusi, la pili asali ya michungwa na jamaa zake, la tatu asali ya maua ya jamaa ya nanaa, na la nne maji mazito ya tende, ambayo kwa rangi na utamu hufanana na asali lakini si asali. Kila mtoto alipata gramu 10, mara moja tu, nusu saa mbele ya kulala. Wazazi hawakujua mtoto wao amepewa kitu gani. Kesho yake waliulizwa: alikohoa mara ngapi? kwa nguvu gani? alilala? ninyi mlilala?

Watoto wa mafungu yote walipata nafuu, hata wale wa tende. Maana mafua huisha yenyewe, na kitu kitamu hulainisha koo. Lakini wale wa asali walipata nafuu kubwa zaidi. Na kati ya asali tatu, hapakuwa na tofauti ya kuhesabu. Asali ya michungwa ilifanya kazi sawasawa na ile ya mkaliptusi na ile ya jamaa ya nanaa. Shika neno hili vizuri ukienda sokoni. Kinachosaidia kikohozi ni asali, na jina la ua halizidishi kitu. Mtu anayelipa mara mbili kwa ajili ya jina la mchungwa ananunua harufu. (Harufu hiyo ni nzuri kweli, hatukatai. Mwenye fedha na ainunue.)

Inapasa kusema pia kwamba sehemu ya fedha za uchunguzi ule ilitoka kwa baraza la wenye asali wa nchi ile. Jambo hili halivunji kazi yao, kwa kuwa wazazi hawakujua siri ya vijiko, na waganga wa nchi nyingine nao wameona kwamba asali hupunguza kikohozi cha watoto. Lakini msomaji mwenye busara huuliza siku zote nani aliyelipa.

Basi, fanya hivi. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, akiwa na mafua na kikohozi, mpe kijiko kimoja na nusu cha chai cha asali safi mbele ya kulala. Hizo ndizo gramu 10. Unaweza kumpa yenyewe, au kuichanganya katika maji ya uvuguvugu pamoja na maji ya limau. Usiichemshe. Mtu mzima naye aweza kufanya vivyo hivyo. Siku mbili tatu zinatosha.

Lakini asali haiponyi ugonjwa wa mapafu. Hapa ndipo watoto wengi hufa: mama anaendelea kutia asali kijikoni, huku mapafu yanajaa. Kwa hiyo kila mama ajifunze kuhesabu pumzi. Mfunue mtoto kifua, ngoja atulie, asiwe analia wala kunyonya. Hesabu dakika moja nzima, na mtu mwingine ashike saa. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akipumua mara 50 au zaidi, au mtoto wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, ni dalili ya ugonjwa wa mapafu. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye kikohozi usimhesabie nyumbani, mpeleke tu. Tazama tena chini ya mbavu: akivuta pumzi, na mahali pale pakiingia ndani, ni hatari kubwa. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilala asiamke, ni hatari vilevile. Usingoje asubuhi. Nenda dispansere usiku huo huo.

Na mtu mkubwa anayekohoa majuma mawili na zaidi, anayekonda, anayetoka jasho usiku au kutema damu, aende kupimwa kifua kikuu. Tunajua watu waliokunywa asali na limau miezi mitatu, huku wakiwaambukiza watoto wao nyumbani.

5. Mtoto asiyetimiza mwaka

USIMPE ASALI MTOTO AMBAYE HAJATIMIZA MIEZI KUMI NA MIWILI. Usimpe ya michungwa, wala ya pori, wala ya dukani. Usimpe hata tone moja.

Sababu ni hii. Katika udongo na mavumbi mna mikrobe moja iitwayo botulinumu. Mikrobe hii hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho. Mbegu hizo huingia katika asali pamoja na mavumbi au kwa miguu ya nyuki. Ndani ya asali hazioti, hulala tu. Mtu mkubwa akizila zinapita tumboni bila kufanya neno, kwa maana tumbo lake limejaa mikrobe nyingine njema zinazozikataza. Tumbo la mtoto mchanga halijapata walinzi hao. Mbegu huota humo na kutoa sumu, na sumu hiyo hulegeza viungo vyote.

Waganga waliujua ugonjwa huu wa watoto mwaka 1976 huko California, na tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi. Huanza polepole. Kwanza mtoto hapati choo siku kadhaa. Kisha ananyonya kwa udhaifu, sauti ya kilio chake inakuwa ndogo, kope zinaanguka, shingo haishiki kichwa. Mwisho anashindwa kupumua. Ukiona mambo haya, mpeleke hospitali mara moja na umwambie mganga kama mtoto alionja asali.

Wengine hujibu, «Nitaichemsha kwanza.» Haifai. Maji yanayochemka yana moto wa digri 100, na mbegu hizi zinavumilia moto huo. Hufa katika chungu kile cha hospitali cha kuchemshia vyombo kwa nguvu ya mvuke, penye digri 121. Kwa hiyo asali iliyotiwa katika uji unaochemka bado ina hatari. Wala huwezi kuitambua asali yenye mbegu kwa macho, au kwa harufu, au kwa bei. Asali safi kabisa ya mlimaji mwangalifu inaweza kuwa nazo.

Mahali pengi bibi humpaka mtoto aliyezaliwa leo asali katika ulimi, ili awe na maneno matamu au maisha mema. Ni desturi ya heshima na ya upendo. Lakini mwambie bibi kwa adabu: tungoje mpaka mtoto aanze mwaka wa pili, ndipo yeye mwenyewe amwonjeshe kijiko cha kwanza mbele ya jamaa wote. Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanamtosha.

6. Vidonda na kuungua moto

Wamisri wa kale walitia asali katika vidonda, na waganga wa leo hawawacheki. Mwaka 2015 wachunguzi walikusanya hesabu za majaribio mengi, wakaona kwamba mtu aliyeungua moto si kwa ndani sana hupona upesi zaidi akifungwa kwa asali kuliko akifungwa kwa vitambaa vya kawaida. Tofauti ni siku nne au tano hivi. Ni jambo kubwa kwa mtu mwenye maumivu.

Lakini angalieni: asali ya hospitali si ile inayotoka mzingani. Hupitishwa katika miali inayoua mbegu za mikrobe bila kuharibu enzime. Asali yako haikupitishwa humo. Kwa hiyo mtoto akiungua kwa uji au kwa moto, kazi ya kwanza ni maji baridi safi yanayotiririka juu ya mahali palipoungua, dakika 20. Usipake asali, wala mafuta ya mawese, wala dawa ya meno, wala udongo. Kisha mfunike kwa kitambaa safi umpeleke dispansere. Huko watachagua dawa. Kidonda kilichoingia ndani, au cha msumari na jembe, nacho kipelekwe huko kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Asali haizuii pepopunda.

Asali inayosifiwa sana kwa vidonda hutoka New Zealand, katika ua la mti uitwao mānuka, nayo ina dawa yake yenyewe isiyotegemea maji ya oksijeni. Asali ya michungwa haina dawa ile. Muuzaji akizitaja zote mbili kwa pumzi moja, anachanganya mambo.

7. Maneno mengine ya sokoni

Kuhusu usingizi. Huko Hispania na Ufaransa watu hunywa maji ya maua ya mchungwa mchungu wakitaka kutulia usiku. Hayo hutengenezwa kwa kuchemsha maua na kukusanya mvuke wake. Asali haikutoka katika mvuke huo, imetoka katika maji matamu ya ua. Kikombe cha maji moto na asali jioni hutuliza mtu, naam. Lakini hatuoni sababu ya kusema mchungwa ndio uliofanya kazi hiyo.

Kuhusu damu. «Kusafisha damu» ni maneno tu. Figo na ini hufanya kazi hiyo bila kulipwa.

Kuhusu ugonjwa wa sukari. Wako wanaosema asali haidhuru mwenye ugonjwa huu, kwa kuwa ni sukari ya Mungu na haikutoka kiwandani. Ni maneno mabaya sana. Asali hupandisha sukari ya damu. Mwenye ugonjwa huu asile asali kama dawa, na asiache sindano au vidonge vyake kwa ajili yake. Hata mtu mzima asiye na ugonjwa apime mkono. Shirika la Afya la Dunia, mwaka 2015, liliweka asali katika hesabu moja na sukari ya mezani, likashauri mtu asipite kama gramu 50 za zote pamoja kwa siku. Meno nayo huoza kwa asali kama kwa sukari, hasa ya watoto wanaolala bila kusukutua.

8. Kuitunza asali ili faida isipotee

Faida tuliyoisema huharibika kwa urahisi, na mara nyingi mwenye mzinga ndiye anayeiharibu. Enzime hufa kwa moto na kwa mwanga. Asali ya michungwa huumia upesi kuliko nyingine, kwa sababu tangu mwanzo ina enzime chache. Maji ya maua yake huja mengi kwa siku chache, na nyuki hawapati nafasi ya kuyatia mate mengi. Hata sheria ya asali ya Ulaya ya mwaka 2001 inajua jambo hili: kwa asali ya kawaida inataka enzime moja, diastasi, ifike kipimo cha 8, bali kwa asali ya namna ya michungwa inakubali 3.

Basi vuna masega yaliyofungwa kwa nta karibu yote. Sega lililo wazi lina maji mengi, na asali yake itatoa povu na kuwa kama pombe. Usivune siku ya mvua. Tumia moshi kidogo wa majani makavu. Moshi mwingi hubaki katika asali. Tenga masega yenye makinda, usiyakamue pamoja na mengine. Ikate nta, uiache asali ishuke yenyewe katika kitambaa safi kikavu, ndani ya nyumba, mbali na mavumbi. Usiiweke juani ishuke upesi, wala usiitie katika sufuria juu ya moto.

Chombo kiwe cha kioo au cha plastiki ya chakula, chenye kifuniko kinachokaza. Asali ni chachu, hula bati na kuleta kutu. Bidoni iliyokuwa na petroli au dawa ya wadudu isitumiwe hata ikioshwa mara kumi.

Na ninyi wenye michungwa, msipulizie dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Nyuki watakufa chungu nzima mbele ya mzinga, na wale wanaobaki wataingiza sumu ndani. Ngoja maua yaanguke. Kama jirani yako ndiye mwenye shamba, nenda ukaongee naye mbele ya siku hizo, mpelekee na chupa ya asali ya mwaka uliopita. Wengi hupulizia kwa kutojua.

Baada ya majuma au miezi asali hushikana na kuwa kama mafuta yaliyoganda. Wanunuzi hulalamika kwamba umetia sukari. Hukutia, gulukozi imejikusanya tu, na asali ya kweli hufanya hivyo. Tena usiamini majaribio ya sokoni, ya kuchovya njiti ya kiberiti au kudondosha asali katika bilauri ya maji. Asali ya uongo iliyo nzito hushinda majaribio hayo, na asali ya kweli yenye maji kidogo zaidi huyashindwa. Ukitaka kuiyeyusha asali iliyoganda, weka chupa katika maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kukaa ndani bila kuungua, uiache humo mpaka ilegee.

Kisha bandika karatasi juu ya chupa. Andika mwezi na mwaka wa kuvuna, jina la kijiji, na maua yaliyokuwako kweli: kama ni pori na michungwa, andika pori na michungwa. Chini yake andika kwa herufi kubwa, hata asiyesoma sana azitambue: SI YA MTOTO ASIYETIMIZA MWAKA MMOJA.